Nikila mkate wa ngano tumbo linajaa, naharisha na ngozi inawasha. Naombeni ushauri

BintiUluguru:
Wanajamvi, habari za saa hizi. Naombeni msaada maana nimechoka. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, naishi Morogoro. Kwa muda mrefu sasa kila nikinywa chai kwa mkate, haipiti muda tumbo linajaa gesi mpaka sketi inanibana, linanguruma, halafu naharisha. Chapati ndiyo balaa zaidi. Nikila ugali, wali au mihogo ya kuchemsha niko salama.

Kinachonitia hofu ni haya mengine. Nimepungua mwili, nachoka ovyo, na nilipopimwa damu nikaambiwa iko chini. Vidonge vya kuongeza damu nameza lakini haipandi. Viwikoni na magotini natoka vipele vidogo vya maji vinavyowasha mno usiku, nikivikuna vinapasuka na kuacha makovu. Hospitali nimetibiwa taifodi, nikatibiwa vidonda vya tumbo, na ngozi nikapewa dawa ya fangasi. Vyote havijasaidia. Shoga yangu ananiambia niache ngano kabisa kuanzia kesho. Niache tu, au kuna kipimo?

Mzee wa Kahawa:
Pole sana binti yangu. Hiyo chai ni ya rangi au ya maziwa? Watu wazima wengi huku kwetu matumbo hayamudu laktosi, ile sukari ya kwenye maziwa, na dalili ni hizohizo za gesi na kuharisha. Mkate unasingiziwa kwa kuwa uko pembeni ya kikombe.

BintiUluguru:
Ya rangi, mzee wangu. Na siku nikipata maziwa fresh nakunywa, sioni shida.

Kijana_Kihonda:
Hiyo ni hamira dada. Mikate ya dukani wanajaza hamira. Oka mwenyewe nyumbani.

Dawati la Maabara:
Mkuu, kasema chapati ndiyo inamuumiza zaidi, na chapati haitiwi hamira. Tusimpoteze.

Dada, nafanya kazi maabara, nakuomba jambo moja: usiache ngano kabla hujapimwa. Dalili zako zikiwekwa pamoja, yaani tumbo, damu isiyopanda na vipele vya viwikoni, zinanifanya nifikirie ugonjwa wa siliaki. Hapo kinga ya mwili, ikikutana na gluteni (protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai), inageuka na kushambulia utando wa utumbo mdogo wenyewe. Utando ule una vinyweleo vidogo sana vinavyofyonza chakula. Vikisagika, chakula kinapita tu. Madini ya chuma hufyonzwa pale mwanzoni mwa utumbo mdogo, penye madhara makubwa, ndiyo maana mtu anaweza kumeza vidonge na damu isipande.

Kipimo cha kwanza ni cha damu, kinaitwa tTG-IgA. Omba kiende pamoja na IgA ya jumla (IgA ni aina ya kingamwili, yaani askari wa mwili walio kwenye damu), kwa sababu wapo watu ambao IgA yao iko chini kwa asili, na majibu yao hutoka safi wakati ni wagonjwa. Kikionyesha dalili, daktari wa mfumo wa chakula atakufanyia endoskopi (mrija mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni) na kuchukua vinyama vidogo vya utumbo. Kipimo kinatafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza ukiwa unakula gluteni. Ukiacha ngano zinashuka, na unaweza kurudishwa nyumbani na karatasi inayosema huna kitu. Inashauriwa mtu awe anakula ngano katika zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa angalau wiki 6 kabla ya kupimwa. Ikikushinda, mwambie daktari, usijilazimishe kimyakimya.

Vipele navyo mwonyeshe daktari wa ngozi vikiwa vibichi. Siliaki ina upele wake, hukaa viwikoni, magotini na makalioni, na dawa ya fangasi haiugusi.

Mdau wa Jiji:
Mbona huo tunasikia ni ugonjwa wa Wazungu?

Dawati la Maabara:
Hapana mkuu. Watoto wa Kisahrawi, Waafrika wa Sahara Magharibi, walipochunguzwa, zaidi ya 5 katika kila 100 walikutwa nao. Ulaya kwenyewe uhusiano wake na ngano ulieleweka kupitia njaa. Daktari Willem Dicke wa Uholanzi aliona watoto wagonjwa aliokuwa akiwatibu wanapata nafuu mkate ulipoadimika majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, na wanarudia kuugua mkate uliporudi.

Dada, majibu yakitoka safi bado usijione umeumbuka. Ngano ina pia fruktani, aina ya wanga inayojaza gesi wenye matumbo mepesi. Angalia kama vitunguu na maharage navyo vinakusumbua.

MamaWawili_Tanga:
Niongezee. Mwanangu ana mzio wa ngano, na huo ni kitu kingine. Yeye ndani ya dakika chache midomo inavimba na anakohoa. Ukiona uvimbe wa uso au pumzi inabana, kimbia hospitali hapohapo.

Ukishapimwa ukaambiwa uache, vitumbua na mkate wa kumimina vya unga wa mchele vitakufaa. Kuwa makini na unga wa lishe, wengi wanachanganya ngano humo, na mashine ya kusaga ni ileile. Mihogo ya kukaanga ya barabarani uliza kwanza, mara nyingi imepita kwenye karai la maandazi.

BintiUluguru:
Asanteni mno, Mungu awabariki. Naendelea na mkate hadi nipimwe. Swali la mwisho: mdogo wangu wa kike naye damu haipandi, ila tumbo haliumi. Apimwe?

Dawati la Maabara:
Ndiyo, hasa wewe ukithibitika. Kwa ndugu wa tumbo moja, wazazi na watoto wa mgonjwa, takriban mmoja kati ya 10 huwa nao, na wengine tumbo haliwasumbui kabisa. Naye asiache ngano kwanza.