SOC (kitengo cha kulinda mitandao) ya masaa 24 kwa watu watatu: hesabu mlisomea wapi?

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa mabosi wa TEHAMA na HR wa hapa Bongo wanaolia kila siku kwamba vijana wa usalama wa mitandao "hawatulii". Hawatulii kweli, na sababu mnazitengeneza wenyewe.

Tangazo kwanza. Nafasi ya mchambuzi wa chini kabisa, uzoefu mwaka 1, halafu "awe na CISSP", cheti cha wakongwe wa usalama wa mitandao. Aliyeandika hivyo hajasoma hata masharti. CISSP inadai miaka 5 ya kazi ya kulipwa, angalau katika maeneo 2 kati ya 8 ya mtaala wake, na digrii inakupunguzia mwaka 1 tu. Aliyefaulu mtihani bila uzoefu huo bado si CISSP. Kwa hiyo mnamtafuta mtu ambaye hayupo, na atakayejitokeza kadanganya kwenye CV. Wengine wanataka OSCP, cheti cha kushambulia mifumo, kwa mtu wa kukodolea skrini usiku kucha. Mkimpata, mtakaa naye miezi mingapi?

Tuje kwenye zamu, ndiko kwenye madudu. Wiki ina masaa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka masaa 45 ya kawaida kwa wiki. Kiti kimoja tu, gawanya: 3.7. Yaani watu 4 wasioumwa, wasiofiwa, wasiokwenda likizo. Kiuhalisia ni 5. Nyie mna 3. Mmoja akienda likizo yake ya siku 28, kuna masaa 672 ya kulinda. Wawili waliobaki wana 360 ya kawaida, na ovataimu mwisho masaa 50 kila mmoja kwa wiki nne, jumla 460. Masaa 212 hayana mtu! Mnayazibaje? Ama mnavunja sheria, ama skrini inajiangalia yenyewe. Na nyongeza ya usiku ya asilimia 5, ambayo kisheria ndiyo kima cha chini, mnaitoa kama sadaka.

Halafu kelele za SIEM, mfumo unaokusanya kumbukumbu za mashine zote na kupiga alati (tahadhari). Nywila ya akaunti ya bakapu imebadilishwa, programu yenyewe bado imeshikilia ya zamani. Inajaribu kila sekunde 10, inakataliwa, tukio 4625 linaandikwa: 8,640 kwa siku. Dawa yake haizidi nusu saa: fungua tukio, soma jina la akaunti na anwani ya mashine inakotoka, nenda kaweke nywila mpya pale. Lakini mchambuzi hana ruhusa ya kugusa seva, na tiketi aliyofungua kwa wenye seva imelala wiki ya tatu. Anabaki kufunga alati kwa mkono kama karani wa muhuri. Siku mshambuliaji akianza kubahatisha nywila za akaunti hiyo hiyo, 4625 zake zitazama humo humo, na ile 4624 ya kufanikiwa itapita bila mtu kuiona. Kesho yake mnauliza nani alikuwa zamu.

Bondi nazo. Mnalipia mtihani mara moja, mnamfunga kwa mkataba miaka 2, lakini kuiweka CISSP hai, yaani ada ya kila mwaka na pointi 120 za mafunzo ndani ya miaka 3, ni juu yake. Cheti kikifa, mnamlaumu. Kampuni ya nje ikimpa dola akiwa amekaa kwake Kinyerezi, mnasema hana uzalendo.

Na akiandika notisi ya siku 28, mnamnunia badala ya kukaa naye chini awaonyeshe ni kanuni zipi za alati za SIEM alizozima na kwa nini, funguo za API (zinazoruhusu mifumo kuongea) ziko wapi, nani mwingine anajua nywila ya admin ya faiawoli. Anaondoka, nywila haibadilishwi.

HR mliomo humu, wekeni ratiba zenu za zamu hapa, futeni majina. Tuzihesabu.