Mjadala: Je, ni busara kuandika upande wa seva kwa JavaScript?

Mleta mada
Wakuu, habari za kazi. Mfumo wetu wa kusajili wateja uliandikwa kwa lugha ya PHP miaka mingi iliyopita na bado unahudumia watu bila matatizo makubwa. Sasa uongozi unataka uandikwe upya kwa Node, programu inayoendesha lugha ya JavaScript kwenye seva, kwa hoja moja tu: vijana wanaotengeneza kurasa tayari wanaijua JavaScript, hivyo timu moja itashika pande zote mbili, ya kivinjari cha mteja na ya seva, yaani kompyuta inayojibu maombi yake. Naomba maoni ya watu waliowahi kuendesha mifumo ya aina hii.

Fundi Mchundo
Ndugu mleta mada, wanaodai kwamba JavaScript ni mgeni kwenye seva wanasahau historia. Brendan Eich aliibuni akiwa Netscape mwaka 1995, na kampuni hiyohiyo haikukawia kuiweka kwenye seva zake kwa jina la LiveWire. Kilichokosekana wakati ule ni kasi. Kasi ilikuja na V8, injini inayoendesha JavaScript ndani ya kivinjari cha Chrome, mwaka 2008, na mwaka uliofuata Ryan Dahl akaitumia kuunda Node. Aliona kwamba seva hupoteza muda mwingi ikingoja: inangoja hifadhidata, inangoja faili, inangoja seva nyingine ijibu. Badala ya kumtengea kila mteja uzi, yaani mkondo wake wa kazi, unaokaa bure, Node hupokea maombi yote kwa uzi mmoja, huyapeleka yanakohusika, na hushughulikia kila jibu linapofika. PayPal walipoandika ukurasa uleule kwa Java (lugha nyingine kabisa licha ya jina) na kwa Node mwaka 2013, walieleza kwamba toleo la Node lilikamilika karibu mara mbili kwa haraka, tena kwa watu wachache zaidi. Anayepinga aje na hoja, asije na mapenzi ya lugha yake ya chuoni.

Mwanajava
Hiyo "lugha ya chuoni" huenda ndiyo inayoendesha benki unakopokelea mshahara, lakini tuyaache hayo. Huo uzi mmoja unaousifu una upande wa pili ambao umeupita kimyakimya: ombi moja likihitaji hesabu nzito, linaushika uzi, na wateja wengine wote wanasimama hadi hesabu iishe. Halafu kuna maktaba za npm, ghala la msimbo wa JavaScript ulioandikwa na wengine, ambako programu ndogo huburuta nyuma yake mamia ya vifurushi vya watu usiowajua. Machi 2016 mtu mmoja aliondoa kifurushi cha left-pad, chenye mistari 11, na miradi mikubwa duniani ikashindwa kujengwa. Mwaka 2018 maktaba ya event-stream ilikutwa imepenyezewa msimbo wa kuiba bitcoin. Na tusisahau kwamba hii ni lugha ambayo ukiiambia ijumlishe 0.1 na 0.2 inakujibu 0.30000000000000004. Lugha isiyojua kujumlisha isikabidhiwe daftari la fedha za watu.

Mama Data
Bwana Mwanajava, umesema mambo mawili ya maana, kisha ukamalizia na kichekesho ambacho kila mwaka tunakisikia. Fungua Java yako, jumlisha 0.1 na 0.2 za aina ya double, aina yake ya kawaida ya desimali, utapata jibu hilohilo mpaka tarakimu ya mwisho. Python nayo ni vivyo hivyo, kwa sababu zote zinafuata kanuni moja ya kuhifadhi desimali kwa makadirio, IEEE 754, ambayo ni ya mwaka 1985. Anayejua kazi yake huhesabu fedha kwa senti kama namba nzima, au hutumia aina ya desimali kamili ya hifadhidata.

Mwanajava
Dada yangu, Java inanipa BigDecimal, ya desimali kamili, na aina kadhaa za namba nzima, nami nachagua. JavaScript ilikaa miaka zaidi ya 20 na aina moja tu ya namba, mpaka BigInt, aina ya namba nzima kubwa, ilipoingizwa katika kanuni rasmi mwaka 2020. Kabla ya hapo, ukivuka 9,007,199,254,740,991, namba nzima zinaanza kugeuka bila kukuaga. Twitter walilazimika mwaka 2010 kutuma kila kitambulisho cha ujumbe mara mbili, kama namba na kama maandishi, kwa sababu JavaScript ilikuwa inaziharibu namba zao.

Kipanga
Hilo la Mwanajava nimelishuhudia. Namba ya kitambulisho cha taifa hapa Tanzania ina tarakimu 20. Katika mfumo mmoja niliokabidhiwa, mtangulizi wangu aliipitisha kama namba katika JSON, muundo wa maandishi ambao mifumo hutumiana data. Seva ya Node ikaipokea bila malalamiko, ikairudisha ikiwa na sifuri tatu au zaidi mwishoni. Tarehe ya kuzaliwa, ambayo ndiyo tarakimu nane za mwanzo, ilikuwa sahihi, kwa hiyo kila aliyeitupia jicho aliona iko sawa. Tuligundua wateja wawili walipoonekana kuwa mtu mmoja. Mleta mada, ninyi mnasajili watu, jihadharini.

Fundi Mchundo
Ndugu Kipanga, hapo lugha imesingiziwa. Namba ya kitambulisho haijumlishwi wala haigawanywi. Ni maandishi, na ihifadhiwe kama maandishi. Aina ya namba nzima iitwayo long katika Java inaishia 9,223,372,036,854,775,807, yaani tarakimu 19, kwa hiyo namba yako isingeingia huko pia. Hata safu ya namba nzima ya BIGINT isiyo na hasi katika hifadhidata ya MySQL inaishia 18,446,744,073,709,551,615. Kwa kuwa namba hizo huanza na mwaka wa kuzaliwa, safu hiyo inawatosha waliozaliwa hadi mwaka 1844, na sidhani kama unao wateja wa umri huo. Mngetumia TypeScript, JavaScript inayokutaka utaje aina ya kila data, mngelisema hili mapema.

Kipanga
Sikuja hapa kufundishwa kwamba kitambulisho ni maandishi. Nimesema aliyekosea ni mtangulizi wangu. Hoja yangu ni kwamba Java ukiilazimisha kusoma tarakimu 20 kama long inakataa papo hapo kwa kelele, na kosa linaonekana siku ya kwanza. Node inakadiria na kunyamaza. Na hiyo TypeScript isingesaidia, kwa sababu aina zake huondolewa kabla msimbo haujaendeshwa. Ingeiona ile ni namba, na ingeridhika.

Mama Data
Kipanga ana haki juu ya kelele na ukimya. Ila PHP ya mleta mada nayo hunyamaza: json_decode, amri yake ya kusoma JSON, ikikutana na namba nzima kubwa kupita uwezo wake huigeuza kuwa desimali ya makadirio, isipokuwa umeiagiza kuiacha kama maandishi. Kwa kosa hili, basi, kuhama au kubaki hakubadilishi kitu.

Mleta mada
Nashukuru, na nimethibitisha kwamba safu yetu ni ya maandishi. Lakini, wakuu, swali langu lilihusu timu. Je, kijana hodari wa kurasa anaweza kukabidhiwa seva kwa sababu tu lugha ni ileile?

Binti Kurasa
Mimi ni mmoja wa hao mnaowaita vijana wa kurasa, na jibu langu ni hapana, ingawa si kwa sababu ya kujumlisha 0.1 na 0.2. Kazini kwetu mwenzangu, hodari kweli kwa vitufe na fomu, aliandika sehemu ya kuingia kwenye mfumo akatumia bcrypt, zana ya kuficha nywila kwa hesabu nzito, kwa njia inayongoja, ile ya hashSync. Alipoijaribu peke yake ilikuwa safi. Asubuhi wafanyakazi walipoingia wote kwa pamoja, kila nywila iliyokuwa ikichakatwa iliushika ule uzi mmoja, na wateja waliokuwa kwenye ukurasa wa malipo wakaona gurudumu linazunguka. Msimbo wake haukuwa na kosa hata moja la lugha. Alichokosa ni mambo ambayo kivinjari hakikufundishi: miamala ya hifadhidata, faharasa za majedwali, na watu wawili kubadilisha rekodi moja kwa wakati uleule.

Mwanajava
Hayo ndiyo niliyoyasema tangu mwanzo kuhusu uzi mmoja, ila watu wakaona heri kunijibu senti.

Fundi Mchundo
Ulijibiwa senti kwa sababu ndiyo uliyoirusha kwa nguvu zaidi. Na hesabu nzito ina dawa: bcrypt ina njia isiyongoja, na Node ina worker threads, yaani nyuzi za ziada za kufanyia hesabu, tangu toleo la 12 lilipoziimarisha mwaka 2019.

Mama Data
Dawa ipo kwa anayejua kwamba anaumwa. Mleta mada, waulize wakubwa wako ni sehemu gani ya mfumo inayolemewa kwa kungoja. Kama ni arifa za SMS au mazungumzo ya papo kwa papo, hiyo iandikwe kwa Node ikiwa huduma ya pembeni, chini ya mtu aliyewahi kushika seva, na usajili ubaki kwenye PHP. Kama hakuna sehemu inayolemewa, waulize ni nani atakayehamisha rekodi za wateja, na kwa bajeti ipi.

Mleta mada
Swali hilo la bajeti niliwauliza. Waliniambia vijana watafanya wakati wa ziada.