Nimemrekodi kijana akimpiga punda. Nimesaidia au nimeharibu?

Binti_Langoni
Wenzangu, mimi ni wa Lamu. Wiki iliyopita nilikuta punda ameanguka njiani na mifuko miwili ya saruji, kijana anamtandika kwa kipande cha mpira wa maji. Mgongoni ana kidonda ukubwa wa kiganja, kinatoka usaha. Nikarekodi, nikaiweka mtandaoni, sura ya kijana ikionekana wazi. Kufika magharibi mji mzima umeiona.

Mwenye punda akamfukuza kijana. Kesho yake namwona punda yule yule, na kidonda kile kile, akipandisha mchanga kutoka jahazini. Kilichobadilika ni mkono unaoshika mpira. Bibi yangu akaniambia, "Umemwanika mtoto wa watu, mwenye mali umemwacha kivulini."

Ninyi mnaotetea wanyama, ni njia gani mmeiona ikizaa kitu? Kuaibisha watu, kwenda polisi, au kuikalia serikali kooni?

Muuza_Maji_Naivasha
Dada, mimi nina punda wawili. Walikuwa wanne. 2018 niliamka nikakuta kamba zimekatwa. Tulifuata nyayo hadi vichakani, tukakuta vichwa na nyama, ngozi hakuna. Hiyo ngozi huchemshwa China kutengeneza ejiao, dawa yao. Tukaunda kikundi, tukalinda usiku kwa zamu, wenye punda wakaandamana hadi Nairobi. Februari 2020 Waziri wa Kilimo, Peter Munya, akapiga marufuku uchinjaji wa punda. Tukachinja mbuzi kusherehekea. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaibatilisha marufuku, na mbuzi tulishamla.

Hata hivyo ningeandamana tena. Yule mnunuzi wa ngozi video yako haimfikii, hana aibu nasi.

Sura360
Tatizo ulimlenga mdogo. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamgusa pia mwenye mnyama anayeuachia ukatili huo utendeke. Ungepiga picha ya kidonda, tarehe na mzigo, ukaipeleka kwa afisa wa mifugo, ingekuwa kesi ya tajiri.

Na kelele bila hesabu hazifiki mbali. Ripoti ya 2019 ya KALRO, taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo na mifugo, ilionyesha kwamba kwa kasi ile ya kuchinja, punda wa Kenya wangeisha kufikia 2023. Karatasi kama hizo ndizo zinazosomwa wizarani. Februari 2024, Addis Ababa, Umoja wa Afrika ulikubaliana kusitisha biashara ya ngozi za punda kwa miaka 15.

Mzee_wa_Shogi
Mwanangu, Addis ni mbali na mgongo wa punda wako. Mimi nilikuwa naendesha punda kabla watu wa shirika la Donkey Sanctuary hawajafungua ile hospitali ya punda hapa Lamu, 1987. Wale hawakuja na askari. Walikuja na dawa ya minyoo bure, wakatibu vidonda, kisha wakaleta mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri. Hapo ndipo walipotupata! Mtu wa Lamu umwambie punda wa jirani ni mzuri kuliko wake, atalala bandani. Mimi mwenyewe nilikuwa nafunga mzigo juu ya gunia tupu, na nilipiga pia, sifichi. Niliacha kwa sababu nilitaka kushinda.

Lakini hujauliza yule kijana analipwaje. Wengi wanalipwa kwa safari. Punda akilala chini, ujira umelala naye.

Binti_Langoni
Mzee, shikamoo. Hilo la safari sikulifikiria kabisa, na naona haya, maana kaka yangu mwenyewe alianza hivyo hivyo.

Leo asubuhi nimekwenda kwa mwenye punda na mjomba wangu, maana peke yangu asingenisikiliza. Alifoka kwanza. Mwishowe amekubali punda apelekwe akatibiwe na apumzishwe hadi kidonda kifunge. Kuhusu kumrudisha kijana, amesema tusimpangie.

Video nimeifuta. Nimeletewa tena mchana huu na shangazi aliyeko Mombasa, safari hii ina jina la kijana chini yake. Sikuliandika mimi.