Walimu wa Kihispania mtandaoni, acheni kutupotosha kuhusu "había"!

Wakuu, nina hasira na sifichi. Kuna kozi ya Kihispania inauzwa mtandaoni, ada yake si ya kitoto, na somo lao la pluscuamperfecto, yaani wakati wa "alikuwa amefanya" unaoundwa kwa kitenzi kisaidizi había, ni upotoshaji mtupu. Noti zinasema había hutumika kwa jambo lililotokea "zamani sana". Ukihoji kwenye grupu unaambiwa usiwe mbishi, kariri.

Zamani sana kwa kipimo gani? "Colón llegó a América en 1492." Columbus alifika Amerika mwaka 1492. Hivyo ndivyo Wahispania wanavyosema. Karne tano zimepita na había haimo! Sasa soma hii: "Cuando me levanté esta mañana, mi hermana ya había salido." Nilipoamka leo asubuhi, dada yangu alikuwa ameshatoka. Ni leo hii hii, labda alitoka robo saa tu kabla sijaamka, na había imo. Umbali wa miaka hauhusiki kabisa. Unasimulia tukio lililopita, halafu unataja jingine lililokuwa limeshamalizika kabla ya hilo. Hilo la kutangulia ndilo linalochukua había.

Na kinachoniuma zaidi, sisi Waswahili muundo huu tunao mdomoni kila siku. "Tulipofika stendi, basi lilikuwa limeshaondoka." Kihispania: "Cuando llegamos a la terminal, el autobús ya se había ido." Kitenzi cha kwanza kinabeba wakati uliopita, cha pili kinaonyesha jambo limekamilika. Mwalimu angeanzia hapo, darasa zima lingeelewa siku hiyo hiyo. Yeye anatupitisha kwenye Kiingereza kwanza, kana kwamba hatuna lugha yetu!

Tofauti ipo, na hiyo ndiyo ya kufundisha kwa makini. Kwetu vitenzi vyote viwili hubeba kiambishi cha nafsi: walikuwa wamefika. Kwao haber, kitenzi kinachozaa había, peke yake ndiyo hubadilika: había, habías, había, habíamos, habíais, habían. Neno linalofuata halibadiliki umbo, hata wahusika wawe wanawake watupu. Lakini majibu ya zoezi lao yameandika "ellas habían llegadas". Llegadas! Ni habían llegado. Mstari wa chini yake wameweka "había se ido", wakati se hukaa mbele ya había. Na roto, umbo la romper (kuvunja) linalofuata había, wameigeuza "rompido". Haya ni majibu ya mwalimu, jamani, siyo ya mwanafunzi.

Kuna watu humo wanajiandaa na mtihani wa DELE, ule wa cheti cha Kihispania. Instituto Cervantes, taasisi inayosimamia mtihani huo, wameliweka somo hili ngazi ya B1, yaani ya kati, kwa hiyo mtu atalikuta kwenye karatasi, ataandika alichokaririshwa, na atakatwa alama kwa kosa la aliyemfundisha.

Ninachodai ni noti zirekebishwe na waliolipa warudishiwe hela zao. Mwenye noti safi za había azitupie hapa, wengi tunazihitaji.