Fibromialjia: kutoka amitriptilini kwenda duloksetini, na mazoezi yaanze vipi?

MkazaMwana_Likoni
Assalam aleikum. Nauliza kwa niaba ya mama mkwe, miaka 52. Kliniki imeandika fibromialjia: maumivu pande zote za mwili kwa zaidi ya miezi mitatu, analala lakini anaamka amechoka, na kusahausahau. Alikuwa akimeza amitriptilini miligramu 25 usiku. Maumivu yalipungua kidogo, ila mdomo mkavu, choo kigumu, na asubuhi ana usingizi hadi saa nne. Sasa ameandikiwa duloksetini miligramu 30 kwa wiki moja, halafu 60. Karatasi haisemi amitriptilini iachwe lini. Ana presha, anatumia amlodipini na ile yenye herufi HCTZ kwenye pakiti. Siku maumivu yakizidi hununua tramadoli duka la dawa. Damu, ESR (kipimo cha uvimbe mwilini), TSH (cha tezi ya shingoni) na figo vimepimwa, viko sawa. Je, amitriptilini na duloksetini ziende pamoja kwanza? Mazoezi aanze sasa au angoje dawa ikamate? Na Ramadhani ikiingia?

Famasi_Makupa
Waaleikum salaam. Kinachonitia wasiwasi hapo ni tramadoli kuliko amitriptilini.

Tramadoli na duloksetini zote mbili huongeza serotonini, kemikali ya ubongo na neva. Zikikutana mtu anaweza kutetemeka, kutoka jasho jingi, kupanda joto, moyo kwenda mbio, kuharisha na kuhangaika. Hapo ni hospitali siku ileile. Tramadoli pia huleta kifafa kwa wepesi zaidi ikichanganywa na dawa za aina hii. Na kuna hasara nyingine ambayo wauzaji wengi hawaisemi: tramadoli inahitaji kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2D6 kiigeuze ndipo itulize maumivu sawasawa, na duloksetini hukizuia kimeng'enya hichohicho. Kwa hivyo atabeba hatari yote na nafuu ndogo. Kama ni kidonge cha mara mojamoja, aache tu. Kama imefika kila siku kwa wiki kadhaa, daktari aipunguze polepole kabla ya kapsuli ya kwanza.

CYP2D6 ndiyo pia huvunja amitriptilini. Ukiweka duloksetini juu yake, ile 25 hubaki mwilini kwa wingi zaidi, na mdomo mkavu na usingizi wa asubuhi anaolalamikia vitazidi. Mara nyingi hushushwa hadi 10 kwa wiki moja hivi (vipo vidonge vya miligramu 10, hamna haja ya kukatakata), kisha ikaachwa, ndipo duloksetini ikaanza. Wapo madaktari wanaobakiza 10 usiku makusudi kwa ajili ya usingizi, na hilo si kosa, mradi moyo uko salama na iwe imeandikwa. Msikisie. Pigeni simu kliniki muulize neno moja tu: inaachwa au inabaki?

Duloksetini yenyewe: kapsuli moja baada ya chakula cha asubuhi, na chai tupu si chakula. Kichefuchefu cha wiki ya kwanza na ya pili ndicho huwafanya wengi waitupe dawa nzuri. Imezwe nzima. Chembe za ndani zimepakwa ganda la kuzilinda na asidi ya tumbo, kwa hiyo msiifungue mkaimwagia kwenye uji. Siku ya saba ikiwa bado tumbo linachafuka, ulizeni kama anaweza kukaa kwenye 30 wiki nyingine mbili. Hakuna mbio. Kupita 60 hakujaonyesha faida zaidi kwa fibromialjia, madhara ndiyo huongezeka.

HCTZ (haidroklorothiazidi, dawa ya presha inayoongeza mkojo) na duloksetini zote hushusha sodiamu, chumvi ya damu, hasa umri ukisogea. Apimwe sodiamu kabla, na tena wiki mbili hadi nne baadaye. Kichwa kuuma, kuchanganyikiwa na miguu kuishiwa nguvu visichukuliwe kuwa ni ugonjwa wake ule ule. Presha ipimwe kila wiki mwezi wa kwanza, kwa kuwa duloksetini inaweza kuipandisha. Akiwa na ugonjwa wa ini au presha ya jicho, semeni kabla hajaanza. Akianza kuwa na fadhaa isiyo ya kawaida au mawazo ya kujidhuru, aonwe mara moja.

Msiipime kwa siku tatu; ipeni wiki nne hadi nane. Na isikatwe ghafla: kizunguzungu na hisia kama shoti za umeme kichwani huja haraka. Nunueni pakiti inayofuata kabla hii haijaisha.

Nesi_Changamwe
Naongeza kwa Famasi: sindano za diklofenaki na vidonge vya ibuprofeni pia vikae kando. Ushahidi wa kufaa kwa fibromialjia ni hafifu sana, na pamoja na duloksetini hatari ya kuvuja damu tumboni huongezeka. Predinisoloni (dawa ya steroidi) hali kadhalika, haina kazi hapa.

Kuhusu vipimo, ESR na TSH sawa ni vizuri, lakini angalieni viungo kwa macho. Kiungo kilichovimba, ugumu wa asubuhi unaopita saa nzima, homa, au kukonda bila sababu si fibromialjia peke yake. Hapa Mombasa muulizeni pia kama yote yalianza na homa kali na vifundo kuuma. Mlipuko wa chikungunya wa mwisho wa 2017 hadi 2018 uliwaachia watu maumivu ya miezi mingi. Na kama anameza dawa ya kolesteroli, mtajeni jina lake kliniki, maana baadhi huumiza misuli.

MkazaMwana_Likoni
Shukran sana. Ya kolesteroli hatumii. Nimeandika suala la sodiamu. Mazoezi je? Jirani anasema akachuliwe kwa nguvu "damu itembee", mwingine anasema aende baharini.

Fiziotherapia_Pwani
Dawa isingojwe. Mwongozo wa Ulaya wa fibromialjia uliotoka 2016 ulipendekeza kwa nguvu jambo moja tu, nalo ni mazoezi. Dawa zilizopendekezwa zote zilipata pendekezo hafifu.

Tafuteni kwanza anatembea dakika ngapi siku *mbaya* kabla maumivu hayajapanda. Gaweni kwa mbili. Kama ni 12, aanze na 6, ardhi tambarare, siku tano kwa wiki, akiongeza dakika moja kila wiki. Kuuma kidogo baada ya kutembea ni kawaida. Maumivu yakibaki juu ya kiwango chake hadi kesho kutwa, arudi kwenye dakika za wiki iliyopita. Asisimame kabisa, kwa sababu mwili uliolazwa wiki mbili huanza upya.

Kinachoharibu mpango mara nyingi ni siku nzuri. Anaamka mwepesi, anafua nguo zote, anakwenda kusaidia kupika arusini, kisha yuko kitandani siku tatu. Afue nusu, aketi, amalizie kesho, hata akijiona mzima.

Mkienda kutembea bustani ya ufukweni ya Mama Ngina, ng'ambo ya feri ya Likoni, hesabuni kivuko pia. Kusimama kwenye umati na kupanda ule mteremko ni mazoezi tayari. Huenda barabara ya mtaani kwenu baada ya alfajiri ikatosha. Jua la kaskazi liepukeni, hasa akiwa bado na amitriptilini, kwani hupunguza jasho na mwili hushindwa kujipoza.

Bahari ni nzuri. Mazoezi ya majini hufanywa zaidi kwenye madimbwi ya nyuzi 32 hadi 34, na bahari yetu iko chini ya hapo, hasa wakati wa kusi, kwa hiyo dakika 10 zinatosha mwanzo. Maji yawe ya kiunoni hadi kifuani, chini mchanga, pamoja na mtu, viatu vya plastiki miguuni. Tazameni maji yanajaa au yanakupwa kabla ya kutoka nyumbani, na mlango wa kivuko muuache mbali. Baada ya mwezi ongezeni nguvu: kuinuka kitini mara tano bila kushika, mara mbili kwa siku.

Kuchuliwa kwa nguvu, hapana. Neva zake zinasoma mguso wa kawaida kama maumivu. Kidole gumba kikizamishwa kwenye bega kitamwacha na wiki mbaya. Mafuta ya nazi na mkono mwepesi, sawa.

Famasi_Makupa
Ramadhani: duloksetini ni mara moja kwa siku, kwa hiyo inahamia baada ya futari. Siku tatu kabla ya mwezi kuandama, isogezeni mbele kwa muda wa masaa manne kila siku hadi ifike jioni. Ikimnyima usingizi jioni, rudini kwa daktari. Kupanda kutoka 30 kwenda 60 kusianguke wiki ya kwanza ya funga, mtashindwa kujua kichefuchefu ni cha nini. HCTZ ndiyo ya kuuliza zaidi, maana mtu anakojoa maji asiyoweza kuyarudisha mchana.

Na kama baadaye atahamishiwa pregabalini, dawa nyingine ya maumivu ya neva ambayo humezwa mara mbili na dozi yake hufuata figo, mjue huvimbisha miguu. Amlodipini nayo huvimbisha. Pimeni vifundo vya miguu kwa tepu ya fundi cherehani kabla hajaanza.