Meli za watalii zirudi Tanga msimu wa kaskazi, au tuachane nazo?

Mie wa Makorora (mleta mada)
Wakuu salaam aleikum. Juzi jioni nilikaa pale bustani ya Jamhuri, kahawa mkononi, macho kwenye ghuba. Gati letu jipya lina meli moja tu ya mzigo upande wa kule, upande wa huku ni upepo na kunguru. Nikakumbuka shangwe zilizopigwa wakati linajengwa, mita 450, kina kimetolewa mita 3 kikapelekwa 13, bilioni 429 zimelala pale, na kweli shida ya matishari imeisha maana zamani meli ilikuwa inasimama nje huko kama mita 1,700, mzigo unashikwa mara mbili na gharama mara mbili. Sasa swali langu, hizi siku ambazo gati limepumzika kwa nini tusizitongoze meli za watalii? Nazungumzia zile zinazokuja na kaskazi, kuanzia Novemba hivi mpaka Machi, zinazunguka Mombasa, Zanzibar, Shelisheli, Madagaska, mpaka Durban huko. Sio jambo geni hapa. Wazee watakumbuka meli za Union-Castle zilizokuwa zinaizunguka Afrika nzima, zilikuwa zinapiga Tanga, abiria wanashushwa kwa boti wanakuja kuzurura mjini. Zirudi basi. Vya kuona tunavyo, Amboni kwenye mapango ni kilomita nane tu, magofu ya Tongoni yapo njia ya Pangani, na Mwingereza mtu mzima ukimwambia hapa ndipo mlipochapwa na Mjerumani Novemba 1914 na nyuki nao wakawamalizia, atataka aonyeshwe mpaka mti wenye mzinga. Nawasilisha, nichaneni.

Kuli Mstaafu
Kijana wewe hujawahi kulisha watoto kwa gati. Nikupigie hesabu ndogo. Ile Norwegian Dawn iliyokuja Dar Januari 2024 na watalii zaidi ya 2,000 ina urefu wa mita 294. Ilaze Tanga, kwenye 450 zako zinabaki 156, hapo unaingiza nini cha maana? Na nje huko kuna meli ya klinka, ile ya kutengenezea saruji, au ya mbolea inasubiri, kila siku ya kusubiri inalipiwa, mwenye mzigo akiudhiwa mara mbili anarudi zake Dar au anavuka Mombasa. Meli ya mzigo ikifunga kamba wanakula makuli, madereva wa malori, vijana wa turubai, mama ntilie wa getini mpaka fundi pancha. Hiyo yako inashusha nini? Watu wamekunywa chai melini, mchana wameshalipia melini, wanashuka na kofia na chupa zao za maji. Sisi tulishapewa jina siku nyingi, Tanga waja leo waondoka leo, basi hao ndo wenyewe kabisa.

Mie wa Makorora
Mzee wangu shikamoo. Klinka nakubali ndo inalisha watu, sijasema ifukuzwe. Ila hizi meli ratiba yake inatangazwa mwaka mzima kabla, nyingine hata miwili, wanajua Februari tarehe fulani saa 12 asubuhi watakuwa wapi. Inaingia alfajiri inatoka magharibi. Bandari ikishindwa kupanga siku nne tano za msimu mzima ambazo zinajulikana tangu mwaka jana, hapo tatizo sio mtalii.

Kuli Mstaafu
Marahaba. Ratiba hata mie naweza kuandika. Waulize wa Mombasa ilikuwaje maharamia walipochachamaa, Aprili 2009 waliifyatulia risasi MSC Melody huko upande wa Shelisheli ikiwa imejaa abiria wanarudi Italia, baada ya hapo kampuni zikawa zinaikwepa bahari yetu kama ina ukoma. Ikaja korona 2020, zote zikafungwa. Mwisho wa 2023 Wahouthi wakaanza kupiga meli Bahari ya Shamu, njia zikapinduliwa upya. Februari 2024 Mauritius waliikatalia hiyo hiyo Dawn isiingie bandarini kwa wasiwasi wa kipindupindu, vipimo vikaja kutoka hamna kitu. Wewe hapo ushajenga shedi ya abiria, ushakopa minibasi, wao wanakufuta kwa barua pepe ya mistari mitatu.

Bajaji ya Chumbageni
Nyie mnabishana mita, mie nauliza geti. Hao watalii wakishuka wanatoka kwa miguu au wanapakiwa mabasi ndani kwa ndani vioo vimefungwa? Maana kama ni mabasi sisi tutawapungia mkono tu.

Baharia wa Sahare
Naomba niingie hapo kwenye geti. Mie nimekaa kwenye hizo meli miaka sita, dobi, chini kabisa ambako hamna dirisha, unajua kumekucha kwa saa tu. Iko hivi. Matembezi ya nchi kavu yanauzwa humo humo melini, abiria anachagua tangu yuko kwao, kampuni inachukua chake, wakala wa mji anachukua chake, mpaka ifike kwa dereva na mtembeza wageni ukiiweka pembeni ya bei ya melini utacheka, au utalia. Na kuna ujanja mmoja, basi lililouzwa na meli likichelewa meli inalisubiri, lakini abiria aliyepanda bajaji yake mwenyewe akichelewa inamwacha, na wanawaambia hivyo kabla hawajashuka ili waogope. Kwa hiyo mzee hapo juu kwa abiria hajakosea sana.

Ila nyote mmesahau kruu. Meli yenye abiria 2,000 ina wafanyakazi kama 1,000, Wafilipino, Wahindi, Waindonesia, na sisi wachache. Hatuna hela ya kwenda mapangoni na wala hatuna muda, unapewa saa tatu nne unarudi zamu. Unatafuta nini? Bando. Umpigie mama. Upate wali na samaki wenye pilipili maana umechoka viazi. Ukate nywele. Kuna bandari moja nimeiona kwa macho yangu, mama mmoja kaweka meza chini ya mti nje ya geti, waya wa umeme umevutwa kutoka dukani, neno la siri la waifai kaliandika kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi, ukinunua soda unatumia saa nzima. Watu foleni mpaka barabarani, wamekaa chini wanaongea na watoto wao kwa video. Yule mama hakujua hata Amboni ni nini lakini kila meli ikija anafunga hesabu. Na Tanga ina bahati moja ambayo bandari nyingi hazina, ukitoka getini mji uko hapo hapo, huhitaji gari.

Bajaji ya Chumbageni
Sasa hapo sijui umenisaidia au umenimaliza 😂

Mama Kashata
Mie nauza kashata na visheti, naomba niwaeleze lililonikuta. Siku moja walipita wazungu wachache, mmoja mama mtu mzima akapenda kashata za nazi, akachukua pakiti mbili, kanipa dola 20. Chenji sina, yeye shilingi hana, tukabaki tunachekeana kama mabubu. Mwisho akaniachia yote, nikasema leo Mungu kanishushia. Napeleka dukani kubadilisha naambiwa hii ya zamani, yenye kichwa kidogo, hatupokei. Ipo kwenye kabati la vyombo mpaka leo. Na tangu Machi 2025 serikali imekataza kuuziana humu nchini kwa pesa za kigeni, kwa hiyo hata akija na mpya mie siruhusiwi. Watu wazima 2,000 wanashuka asubuhi wana saa nane tu, wanabadilisha wapi? Wote tuwapeleke kwenye dirisha moja? Mpaka wamalize foleni honi ya meli inalia.

Afu jamani miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, katikati ya huo msimu wenu. Mchana nafunga meza. Sisemi wasije, nasema mjue.

Mtoto wa Muheza
Mnazunguka mjini tu. Kile kiua wazungu wanachokipanda kwenye vikopo dirishani, chenye majani ya manyoya na maua ya zambarau, kimetoka kwetu. Mjerumani aliyekuwa mkuu wa hapo Tanga, Baron Walter von Saint Paul, alikitoa milima yetu ya Usambara akakipeleka kwao mwaka 1892, na jina la kitaalamu wakakiita kwa jina lake. Bibi wa Kijerumani wa miaka 70 anacho nyumbani huyo. Mlete kwetu milimani, kule Amani, akione kimeota chenyewe kwenye jiwe lenye maji, atakaa chini. Na machungwa yetu atakula bure.

Kuli Mstaafu
Na mvua ya vuli ikinyesha Novemba kwenye hiyo njia ya kupanda Amani, bibi wa miaka 70 anashuka kusukuma basi?

Mtoto wa Muheza
Mzee hapo umenikamata pabaya. Ile njia ikinyesha hata sisi tunaiogopa.

Mvuvi wa Deep Sea
Kuna mtu kafikiria bahari yenyewe? Kuanzia hapa kushuka Pangani ni hifadhi, imetangazwa 2009 kwa ajili ya silikanti, yule samaki wanasayansi walidhani kaisha duniani tangu enzi za dinosari mpaka akaja kuonekana Afrika Kusini 1938. Wenzetu hapa walikuwa wanamtoa kwenye nyavu za jarife, hawajui ni nini, haliki, mafuta matupu. Sisi tumezuiwa hiki na kile kwa ajili yake na tumekubali. Sasa ije meli ya mita 300 ituvurugie tope na nyavu, afu tuambiwe ni maendeleo. Kama ni hizo ndogo sawa, tunaweza kuongea.

Mie wa Makorora
Ndogo zipo na ndo nilikuwa nakuja huko. Kilwa wamewahi kuipokea Le Jacques Cartier ya Wafaransa, ina mita 131, abiria hawazidi 184. Inatia nanga, inashusha viboti vyake vya mpira, watu wanakwenda Kilwa Kisiwani kuona magofu. Abiria wa hizo ni watu wa kusoma, wanauliza maswali, wana hela na hawana haraka. 180 Mama Kashata unawaweza, foleni ya kubadilisha pesa inaisha, bajaji zinatosha, Tongoni haijai.

Kuli Mstaafu
Ngoja kwanza. Umesema inatia nanga?

Mie wa Makorora
Ndio mzee.

Kuli Mstaafu
Yaani tumechimba mita 13, tumejenga gati la mita 450 ili meli ziache kusimama nje na kushusha kwa vyombo vidogo, afu wewe umefungua mada nzima kulilia gati liko tupu, na meli unayoitaka ni ya kusimama nje ishushe kwa viboti. Kama Union-Castle.

Mie wa Makorora
😂😂 Mzee umeniua. Haya, hoja yangu ya gati imekufa, naizika mwenyewe. Gati bakini nalo na klinka yenu. Lakini meli bado nazitaka, na sasa nazitaka zaidi maana hazikuzuilii hata mita moja. Kinachotakiwa ni ngazi nzuri ya kupandia majini sehemu iliyotulia, wa uhamiaji na afya waje hapo hapo, kivuli, na dirisha la kubadilisha pesa. Hiyo sio bilioni 429, halmashauri na bandari wakikaa meza moja inajengeka.

Kuli Mstaafu
Kwa hiyo sina ugomvi na wewe. Ila hiyo ngazi isiwekwe ninapotupia mshipi.

Baharia wa Sahare
Na waifai. Hata hizo ndogo zina kruu.

Mama Kashata
Na choo. Mmeandika tangu asubuhi, nyuki, kiua, samaki wa dinosari, hakuna hata mwanamume mmoja aliyetaja choo. Watu wa miaka 70 wametoka kwenye boti, wanaanza kutafuta nini?

Bajaji ya Chumbageni
Kikijengwa mama naomba unishtue, nahamishia kijiwe hapo hata meli isipokuja.