Mifupa ya mbuzi imebaki baada ya ruracio (sherehe ya mahari), nimpe mbwa ama nitupe?

Nyumba_ya_Saba: Wasee habari zenu. Jumamosi tulikuwa na ruracio, mbuzi watatu wakaenda, sasa nimebaki na karai nzima ya mifupa ya choma, shingo moja mbichi yenye haikufika kwa moto, mapafu na yale mafuta watu walikataa. Niko na mbwa, Simba, na paka wa mtaa mwenye aliingia kwa nyumba akakataa kutoka. Sasa shemeji yangu ako Wisconsin huko Marekani, Novemba msimu wa kuwinda ukifika anapiga kulungu wake, mabaki anaweka kwa friza na mbwa anakula hadi Machi, ananiambia mfupa mbichi ni sawa lakini wa kupikwa nisijaribu. Mama mkwe naye anasema mbwa wa kwao wamekula mifupa ya choma tangu enzi na hakuna alikufa. Nani anasema ukweli? Friji ni ndogo na karai imeanza kunuka.

bucha_kona: Shemeji ako sawa. Mfupa mbichi uko na unyevu, ukitafunwa mara nyingi unasagika. Ukishapigwa na moto unakauka, ukivunjika unatoka ncha kama chupa imepasuka. Mimi nauza nyama na bado nilifanya hiyo makosa, nilimpa mbwa wangu mbavu za choma Krismasi, siku mbili anatapika, ya tatu anajikamua hakuna kitu inatoka, kumpeleka kwa daktari eksirei inaonyesha mifupa imejazana huko nyuma kama simiti. Bili sitaki hata kukumbuka. Hiyo shingo mbichi mpe, lakini kidogo kidogo na ukiwa hapo unamwona. Mafuta tupa, yakizidi yanamchoma kongosho. Na hao mbwa wa mama mkwe, nani alikuwa anawahesabu?

agroveti_thika_road: Mimi shida yangu si mifupa, ni hayo mapafu. Yaangalie vizuri, yako na vifuko vya maji?

Nyumba_ya_Saba: Eeh, kuna viwili vitatu hivi, kama malengelenge, nilidhani ni mafuta 😳

agroveti_thika_road: Usimpe hata kidogo!! Kuna uwezekano mkubwa hiyo ni haidatidi. Ni mtoto wa minyoo tegu, anakaa kwa mapafu na maini ya mbuzi na kondoo, mbwa akila wanakomaa wanakuwa minyoo kamili kwa utumbo wake, na vile mbwa mwenyewe haonyeshi ugonjwa wowote, anatoa tu mayai kwa kinyesi, mtoto anamshika manyoya halafu anakula bila kunawa, miaka baadaye mtu ako na uvimbe kwa ini wa kupasuliwa. Turkana wamesumbuka na hii kitu miaka mingi sana. Choma hayo mapafu yawe majivu ama uzike chini kabisa, usirushe kwa mtaro mbwa wa mtaa wakafukua. Siku ingine hata yakikaa safi, chemsha zaidi ya nusu saa kwanza.

Nyumba_ya_Saba: Simba alirushiwa kipande Jumamosi jioni na vijana wa kuchinja.

agroveti_thika_road: Usipanik. Hao minyoo huchukua wiki kadhaa kabla waanze kutaga. Nunua dawa yenye iko na prazikwanteli, soma pakiti vizuri juu dawa nyingi za minyoo hazina, na umpime kilo kwanza. Kinyesi okota na glavu.

mlevi_wa_supu: Na huyo shemeji mwambie apeleke kulungu wake apimwe, Wisconsin wako na ule ugonjwa wa kulungu wa kukonda tangu 2002, hauondoki kwa friza wala kwa sufuria. Wewe usione wivu, hapa Kenya kuwinda kulipigwa marufuku 1977, ukipatikana na paa kwa friji utaeleza watu wa wanyamapori, KWS, ni ya mbwa 😂

bucha_kona: Hatujaongea paka. Nyama bila mfupa, na isiwe ya stu, kitunguu ni sumu kwa paka na hata mbwa. Ama mpe tu omena.

Nyumba_ya_Saba: Asanteni. Mapafu nimeshayachoma, moshi umeingia kwa jirani na ameuliza kama bado tunasherehekea. Kurudi jikoni napata mama mkwe ako na paka miguuni, mbavu ya choma kwa mkono. Ngojeni nikuje.